Kwenda Uwanja wa Ndege kwa Gari ya Abiria: Hesabu Ianze Kaunta

Msomaji wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, kaniuliza kama gari ya 505, ile daladala ya kutoka mjini hadi uwanja wa ndege, inaaminika kwa mtu mwenye ndege ya kimataifa. Inaaminika. Wanaochelewa huwa wamehesabu mwendo, wakasahau kwamba gari haitoki kituoni mpaka ijae.

Anza na tiketi. Saa zake si zetu: 15:00 ni saa tisa alasiri, na 09:15 ni saa tatu na robo asubuhi. Ukiisoma 09:15 kuwa saa tisa na robo, utafika ndege yako ishatua huko inakokwenda.

Sasa rudi nyuma. Ndege ya nje ya saa tisa alasiri, kaunta kwa kawaida hufungwa saa nane, kwa hiyo uwe kwenye foleni saa saba. Kutoka mjini hadi Kiembesamaki, ulipo uwanja, ni kama kilomita saba, nusu saa kwa gari inayosimama kila kituo, na dakika ishirini za kusubiri ijae. Hiyo ni saa sita na dakika kumi; weka akiba kidogo, uwe mjini saa sita kasorobo. Gari ya 116 kutoka Nungwi inataka saa mbili, na robo tatu ya saa kujaza. Saa tatu asubuhi uwe kituoni na begi lako. Unaona mapema? Ndiyo bei ya nauli ndogo.

Ijumaa rudi nyuma saa nzima zaidi, maana kuanzia saa sita na nusu madereva wanakwenda msikitini, na wana haki yao. Ramadhani usitegemee gari ya wakati wa magharibi, kila mtu anawahi futari. Ndege ya alfajiri, lala mjini kwa jamaa.

Wa Makunduchi na Jambiani hawana haja ya kufika mjini: shukeni Mwanakwerekwe, mchukue bodaboda au teksi, uwanja uko karibu na hapo.

Mzigo ndio unaoharibu safari. Sanduku gumu la magurudumu haliingii chini ya benchi, utingo atalirusha juu ya keria, na mkono wake wa kuvutia ndio wa kwanza kuvunjika. Masika lifunge kwanza kwa nailoni nene, zipu iangalie chini. Likibaki ndani, lipia kiti cha pili bila kugombana. Pasipoti na simu zikae mwilini. Na ile chupa ya achari aliyokupa mama iingie kwenye begi la kupakiwa, kwani mkononi hawapitishi maji maji zaidi ya mililita 100 kwa chupa.

Kabla hujashuka, jua jengo lako. Ndege za nje zinatumia Jengo la 3, za ndani jengo jingine. Mwambie utingo mapema, si gari ishapita.

Pemba hesabu ni nyingine. Uwanja uko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake. Kutoka Wete panda 606, Mkoani 603, ushuke Chake, kisha bodaboda. Usikae kungoja gari ya kukufikisha mlangoni, kwani hazifuati ratiba ya ndege. Kwenye bodaboda begi likae mgongoni kwako, si mbele ya dereva kwenye tangi, linamzuia kukata kona.

Ndege zenyewe nyingi ni ndogo, za watu kumi na kidogo, na mzigo ni kilo 15 katika begi laini. Boksi la halua ya Wete lipime nyumbani. Pale mizani haioni haya, na kilo za ziada wanaweza kukuambia zisubiri ndege ya kesho.

Ukirudi na ndege ya usiku, baada ya isha gari zinapungua sana. Patana na teksi kabla hujapanda, au nduguyo aje na vespa.