Viluwiluwi Vikiogelea, Usipige Picha

Juzi kijana mmoja wa Tanga kanitumia video. Hadubini, mwanga, vidoa vinazungukazunguka. "Dada, nimegandisha viluwiluwi vya chaza, yaani watoto wao wachanga kabisa, nimeyeyusha, vyote hai! Nianze kuuza?" Nilicheka, halafu roho ikaniuma. Video kama hiyo ninayo, ya miaka sita iliyopita, na nusu ya Unguja walinipongeza.

Wakati ule nilikuwa fundi kwenye kituo cha kutotolea chaza. Kinachotusukuma mnakijua: akina mama wa Fumba na Bweleo wanafuga chaza wa lulu, lakini vifaranga huvitega baharini kwa kamba, na bahari hutoa inapopenda yenyewe. Nikasema, ng'ombe wanahimilishwa kwa mbegu za dume zilizolala kwenye nitrojeni ya maji, yenye baridi kali, kule Usa River, Arusha, mimi nishindwe na chaza? Nikaazima mtungi kwa bwana mifugo. Alinikabidhi kama anakabidhi mtoto mchanga: "Usiuinamishe, na usiuamini." Nikashika la kwanza tu.

Mzigo wa kwanza uliharibika sikukuu ya Idi. Niliuona ukungu mweupe umeganda ubavuni mwa mtungi, nikaona ni uzuri wake, nikaenda kwetu siku nne. Kumbe mtungi ukiota barafu nje, ombwe lake, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake inayozuia joto, limekufa. Niliporudi mirija yenye viluwiluwi ilikuwa na joto la chumba. Basi chukueni hili: kila siku tumbukiza kijiti kikavu cha mbao hadi chini, kitoe, kipunge hewani, pale barafu inapoishia ndipo nitrojeni ilipofika.

Mzigo wa pili nilikuwa makini. Viluwiluwi vya siku moja, vile vyenye umbo la herufi D, ethilini glikoli asilimia 10 ya kuvikinga na barafu, nikavipoza nyuzi moja kwa dakika hadi hasi 35, kisha ndani ya nitrojeni, hasi 196. Wiki tatu baadaye nikayeyusha. Viliogelea! Nilipiga kelele, nikarekodi, nikatuma kwenye makundi yote ya WhatsApp, hata la ukoo.

Siku ya nne nikaviangalia tena. Vya tangi la pembeni, ambavyo havikugandishwa, vilikuwa na matumbo ya kahawia, vimeshiba mwani. Vyangu vilikuwa vyangavu kama kioo. Vinaogelea, havili. Siku ya nane chini ya tangi palikuwa na unga wa magamba matupu, laini kama chokaa. Mkuu wangu akausugua kwa kidole, akasema mbele ya wanafunzi, "Hongera, umefuga makaburi." Siku hiyo sikula. Na msinielewe vibaya, mpaka leo naamini angeweza kuniita pembeni.

Lakini nilijifunza, na ndiyo maana nawaambia: sifa zinatuua kuliko baridi. Barafu hailazimiki kukiua kiluwiluwi papo hapo. Hukijeruhi ndani, vinywele vya kuogelea vikabaki vinapiga huku utumbo na kazi ya kujenga gamba vimeharibika. Hata kwenye maabara za New Zealand, waliobobea kwa kome wao, kuviona vinaogelea baada ya kuyeyuka ni rahisi kuliko kuvifikisha kutua, yaani kujibandika mahali. Kwa hiyo weka tangi la kulinganisha, vilishe, hesabu vilivyokula. Tena nasema, hesabu vilivyokula.

Mwenye haja ya kuvihifadhi siku chache tu hana sababu ya nitrojeni. Wafugaji wa Marekani, pwani ya Pasifiki, huvisubiri viluwiluwi viote doa la jicho, dalili kuwa viko karibu kutua, huvikunja kwenye kitambaa kibichi, donge kama mpira wa gofu lenye viluwiluwi kama milioni mbili, huweka kwenye friji na kusafirisha. Ila chaza wao ni wa maji baridi. Wetu wa nyuzi 28 wajaribu wachache kwanza, usimwage tangi zima.

Kijana wa Tanga nilimjibu swali moja tu: tumbo lina rangi gani? Tiki mbili za buluu, siku ya tatu leo, kimya.