Sauti ya chini ni yangu

Bagamoyo,
Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepungua kuvimba, anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema umeangalia video ya tamasha aliyokutumia binamu yako, ukaniona nimesimama pembeni kabisa, mdomo unacheza lakini sauti yangu huisikii, na anayeongoza ni binti wa jirani. Ukaniuliza: "Mama, wamekunyang'anya sauti ya kwanza au umeiacha mwenyewe? Mbona Bi Kidude alisimama mbele mpaka uzeeni?"

Sijanyang'anywa, mama. Nimehama mwenyewe. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana naona jambo hili limekuuma.

Unamkumbuka mama yako mkubwa tuliyemzika masika ya mwaka huu. Wewe ulimjua kwa vitumbua vyake, lakini kwenye kikundi chetu yeye ndiye aliyeshika sauti ya tatu, ya chini kabisa. Alipoondoka tulibaki saba. Siku ya kwanza ya mazoezi kila mmoja aliimba mahali pake bila kukosea, na bado wimbo haukukaa. Ulikuwa kama ngalawa isiyo na mirengu: inaelea, lakini hujui itapinduka saa ngapi. Tukajaribu kumshusha mmoja baada ya mwingine. Sisi tulioimba kwaya tangu usichana masikio yetu yamezoea kuikimbilia sauti ya kwanza; unamshusha mtu, ikifika ubeti wa pili keshapanda kwa wenzake. Ikaja zamu yangu. Nikashuka, nikakaa.

Na jingine sikufichi. Sauti ya mwanamke hushuka akishavuka hamsini, na mimi sasa natafuta sitini na mbili. Ile noti ya juu iliyokuwa inanijia bila kuitafuta, siku hizi leo inakuja, kesho inakwaruza. Wiki ile ya kwanza nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikalia. Natamani bado kuimba juu, mwanangu. Natamani kweli.

Bi Kidude umemtaja kwa haki yake. Aliimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki mwaka 2013. Lakini ile ni taarabu. Mwimbaji mmoja anabeba shairi, udi na fidla vinamjibu, waitikiaji wanaingia kwenye kiitikio. Hata Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, njia yake ilikuwa hiyo. Sisi hatuna udi, hatuna kinanda. Ala zetu ni sauti zenyewe, na mmoja akipaza kuliko wenzake amewazima. Kwa hiyo ukisema hunisikii peke yangu, mimi nashukuru.

Aliyenifundisha kukaa chini ni yule jirani yetu Mgogo, unayemwita shangazi. Alikuja Bagamoyo akiwa msichana, siku zile marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, ameshahamia hapa na Wagogo wenzake kadhaa wakamfuata. Mimi nilijifunza kanisani kwa solfa: do, mi, so, mwalimu anaandika ubaoni, tunasoma. Yeye solfa haijui kabisa. Kwao waimbaji wanaachana mbali kidogo: mmoja akishika do, mwenzake mara nyingi anashika so au fa iliyo chini yake, kisha wanatembea pamoja, wakipanda wanapanda wote. Ile mi yetu ya katikati, iliyolainisha kila wimbo wa kanisani, hawaihitaji sana. Alinisimamisha uani, akaniwekea kiganja mgongoni, akaniambia niimbe noti moja tu mpaka aniambie basi. Yeye akaimba juu yangu. Mwanzoni sauti zetu zilikuwa zinatetemeka, zinagombana. Nikasogea kidogo sana, chini ya unywele. Mtetemo ukatulia, na pale pale nikasikia mlio mwingine juu yetu, mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Hakuna aliyeuimba. Ulitoka kwenye sauti zetu mbili zilipopatana. Nilipata baridi, na jua lilikuwa kali.

Sasa huo mlio kuupata nje ndiyo kazi. Kanisani kuta zinakurudishia sauti, unajisikia mwenyewe na unamsikia mwenzako. Jukwaa la wazi karibu na bahari, sauti ikitoka imetoka. Saa kumi alasiri upepo wa bahari unaichukua na kuipeleka mjini kabla jirani yako hajaisikia. Ndiyo maana umetuona tumesimama nusu duara, bega kwa bega, wala si kwa ajili ya kupendeza. Kabla ya kupanda, shangazi yako alitoa ilimba yake, ile ala ya Kigogo ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ndani ya khanga, akapita kwa kila mmoja wetu, akadonoa ulimi mmoja tu wa chuma karibu na sikio. Hiyo ndiyo noti yako, nenda nayo. Tulipanda ngazi za mbao midomo imefungwa, kila mtu anaivumisha ya kwake taratibu asiipoteze, kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na jenereta. Mngurumo wake ulikuwa chini kidogo tu ya noti yangu, na kwenye wimbo wa pili nikauhisi unanivuta. Hili halionekani kwenye video. Sauti ya chini ikishuka, wote wanashuka nayo bila kujua, na mkifika mwisho mmeuzika wimbo. Nilimshika kiuno mama aliyekuwa kulia kwangu, nikamfinya. Akaelewa, akanishika naye. Tukaning'inia pale pale mpaka ubeti ukaisha.

Mara ya kwanza kuona tamasha nilikuwa na miaka kumi na minane hivi. Chuo cha Sanaa cha hapa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianza mwaka 1981, na mwaka uliofuata wakafanya tamasha lao la kwanza. Nilisimama chini ya mnazi na ndoo ya maji kichwani, nikasahau kuitua. Hata baadaye, kwa miaka mingi, ninachokumbuka ni wanaume mbele na ala, wanawake nyuma wakiitikia. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, wametoa albamu yao wenyewe wakiwa mbele. Zitafute nyimbo zao. Uwasikilize jinsi wanavyokwenda mbele bila kuachana, utaelewa ninachohangaika kukueleza kwa kalamu.

Binti wa jirani usimchukie. Ana miaka ishirini na nne, anatetemeka kila tukipanda, na kila akitetemeka huwa anageuza uso kidogo upande wangu. Anatafuta pa kukanyaga. Nami huko chini nampa.

Ile video isikudanganye. Maikrofoni ya simu inashika kilicho kikali, na spika yake ndogo haiwezi kutoa sauti nzito. Kuna kijana alirekodi kwa mashine nzuri, nimemwomba, ameahidi kunipa keshokutwa, nitakutumia. Vaa hedifoni. Nenda wimbo wa pili, ubeti wa tatu, pale wenzangu wote wanaponyamaza kuvuta pumzi. Huo mngurumo utakaobaki si wa jenereta. Ni mimi.

Mama yako