Darasa la kompyuta la kata: kilichowarudisha watu kwetu

Mkuu, umesema wafadhili wamewapa kompyuta 12 zilizokwishatumika, mtendaji wa kata amewapa chumba, wiki ya kwanza walikuja watu 40, na sasa mwezi wa pili mmebaki na vijana 6. Unauliza mmekosea wapi. Mimi nimejitolea miaka 3 kwenye darasa kama hilo Muheza, mkoani Tanga, na tulianza vivyo hivyo. Naandika kirefu kwa sababu naona mkifunga chumba hicho kata yenu itapoteza kitu kikubwa.

Kosa letu lilikuwa somo la kwanza. Wiki nzima tulifundisha "hii ni monita, hii ni kipanya, hii ni kibodi". Mama anayeuza machungwa amefunga biashara mapema, ameketi kwa muda wa saa mbili akisikiliza majina ya viungo vya mashine ambayo nyumbani hana. Siku ya pili hakurudi, na alikuwa na haki. Mwezi wa tatu tuliuweka mtaala kando, tukanunua kaunta buku tukaiweka mlangoni. Kila anayeingia anaandika shida iliyomleta, au anaandikiwa kama hajui kuandika. Buku lile ndilo likawa mtaala.

Ukurasa wa kwanza naukumbuka hadi leo. Mmoja anauliza mbona bando linaisha usiku amelala. Mama mmoja ana binti Muscat, Oman, anayefanya kazi za ndani, na mama anataka kumwona uso. Kijana anataka kuomba kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Mzee amesikia kwamba watu husajili laini kwa namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za wenzao, ana hofu kama na yake imetumika. Hakuna hata mmoja aliyeandika "nataka kujua kompyuta".

Sasa angalia, katika hao wanne, watatu shida yao iko kwenye simu. Yule mzee alikuwa na kitochi tu. Tukamwelekeza apige *106#, akahakiki, akakuta laini asiyoijua imesajiliwa kwa jina lake. Kesho yake akaenda mwenyewe kwenye duka la mtandao husika ikaondolewa. Jumamosi iliyofuata alikuja na wazee wenzake 5. Wa bando tulimwonyesha jinsi ya kuzuia WhatsApp isijipakulie video za makundi yenyewe, na jinsi ya kuzuia programu zisijisasishe kwa data. Dakika 10. Mama wa Muscat alichukua siku 3, na sehemu ngumu kwake haikuwa kupiga simu ya video, ilikuwa kusoma herufi ndogo. Tulikuza maandishi, tukabadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili, akaenda. Kwa hiyo kompyuta zenu zisiwe mlango wa kuingilia. Aje na simu yake, kompyuta ataifuata akiona ina kazi: kuandika barua ya maombi ya kazi, kutengeneza hesabu za kikoba, kujaza fomu ndefu ambayo kwenye kioo kidogo inachosha.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike.

Alikuja binti mmoja, amemaliza kidato cha sita, analia. Aliomba mkopo wa chuo kupitia steshenari moja mjini. Yule kijana wa steshenari alimfungulia kila kitu: barua pepe, akaunti, nywila. Alilipwa, akamchapishia fomu, mambo yakaisha. Fomu ikawa na dosari, tangazo la kurekebisha likatoka, na binti hakuweza kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Barua pepe ilikuwa imefunguliwa kwa namba ya simu ya steshenari, nywila hakuwahi kupewa, na yule kijana alishaacha kazi pale. Mwaka ule ukapita. Hakuibiwa hata shilingi moja, ila mlango wa maisha yake ulikuwa na ufunguo ulioko mfukoni mwa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo tulikuwa na sharti moja lisilovunjwa: hakuna anayetoka darasani bila kuwa na barua pepe aliyoifungua kwa vidole vyake, kwa namba yake ya simu, kwa nywila aliyoitunga mwenyewe na ambayo mwalimu haijui. Inachukua muda. Mtu mmoja anaweza kumaliza kipindi kizima kwenye hilo tu. Mwache amalize. Kisha siku inayofuata mwambie afungue tena bila kuuliza mtu. Wengi hushindwa mara ya kwanza, na hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika, maana huko nje hakuna atakayemkumbusha. Wanaoogopa kusahau tuliwaruhusu kuiandika kwenye karatasi ikae nyumbani na vyeti vyao, kamwe isikae nyuma ya simu.

Hili linahusu pia vijana wenu wanaojitolea. Kijana anayejua simu akiona mama anahangaika, mkono unamtoka, anainyakua simu, anabonyeza mara nne, "tayari mama". Anadhani amesaidia. Mama hajajifunza kitu, na amezoezwa kumpa mtu simu yake, mara nyingine na namba ya siri juu. Sisi tuliwaambia wasaidizi wafunge mikono nyuma ya mgongo. Unaelekeza kwa mdomo: hapo juu, kile kialama cha kijani, bonyeza, subiri. Mwanzoni wanaona ni ukali. Baada ya mwezi wataona tofauti.

Na matapeli wasisubiri somo la mwisho. Nyote mnaijua ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kuisoma ubaoni hakusaidii. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi siku ya kwanza kwamba wakati wowote ndani ya mwezi huu tutawajaribu, kisha tunatuma meseji ya aina hiyo kwa namba wasiyoijua, wakati mwingine saa 3 usiku mtu amechoka. Aliyeikamata anaileta darasani na wote tunaichambua: nani katuma, anataka nini, mbona ana haraka. Meseji za kweli za matapeli walijifunza kuzituma kwa namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mama mmoja wa kikoba alizuia wenzake wasitume akiba ya kikundi, kwa sababu tu aliwahi kuchambua meseji kama ile na sisi.

Kuhusu gharama nitasema kwa kifupi. Kompyuta za mezani za zamani piga hesabu ya wati 100 kila moja. 12 kwa saa 3 ni takribani yuniti 3.6 za umeme wa LUKU kila kipindi, na hapo hujaweka feni. Washa zile zenye mtu tu. Zima masasisho ya Windows yasijipakue, la sivyo bando la wiki litakwenda asubuhi moja. Wekeni programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, inasomeka bila intaneti kabisa, vijana wa shule wataipenda. Hela ya umeme mtaipata kwa kutoa kopi na kuchapisha. Kituo cha Sengerema kule Mwanza, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilijulikana kwa kuunganisha mafunzo, huduma za namna hiyo na redio ya jamii mahali pamoja, na kwangu huo bado ni mfano mzuri.

Saa nazo ziangalieni upya. Mmeandika vipindi ni saa 3 asubuhi. Hiyo ni saa ya shamba na soko. Kwetu kina mama walianza kujaa tulipohamia saa 10 jioni, siku ileile wanapokutana kikoba, watoto wakiruhusiwa kukaa ndani. Mwezi wa Ramadhani tulisogeza tena.

Umeuliza pia kama mtoe vyeti. Kwa vijana toeni, vinawasaidia kwenye maombi ya kazi. Lakini andikeni kwenye cheti kile mtu anachoweza kufanya peke yake: amefungua barua pepe, ametuma maombi, ametengeneza jedwali la hesabu. Na msikitoe mpaka afanye mbele yenu, mikono yenu ikiwa nyuma.

Hao 6 waliobaki msiwaache wakae tu wanachapa. Wape kaunta buku, wapite sokoni na kijiwe cha bodaboda, waulize watu kumi kumi wamekwama wapi na simu zao. Mkishapata kurasa mbili tatu, ziweke hapa bila majina, tuzisome pamoja tuone muanze na lipi.