Muulize Mwalimu: Nyumba yetu ndogo, tutampokeaje mgeni wa binti yetu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shule ya sekondari anayosoma binti yangu wa miaka 16 imepatana na shule nyingine ya mbali, nchi hii hii. Wanafunzi wetu watakaa wiki moja majumbani kwa wenzao, kisha wenzao nao waje kwetu. Baba yake anauliza, ndani ya nchi yake mwenyewe atajifunza nini kipya? Mimi hofu yangu ni nyingine. Binti analala chumba kimoja na wadogo zake wawili, naona haya kumweka humo mtoto wa watu. Je, aende, halafu zamu yetu ikifika tuombe udhuru? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mama. Kama hamtampokea mwenzake, bora asiende. Nimeanza kwa ukali, najua.

Niliongoza safari za namna hii nikiwa mwalimu, na ya kwanza niliivuruga mwenyewe. Niliwaomba wazazi wachange nguo zilizovaliwa, tukawafikia wenyeji wetu na mabegi manne ya msaada. Mwalimu wa kule aliyapokea kwa adabu, akayafungia stoo. Wiki nzima wanafunzi wake wakatujibu “ndiyo” na “hapana” basi. Ni mpaka walipokuja kwetu, wakabanana na wetu kwenye magodoro na kugombania zamu ya bafu, ndipo midomo ikafunguka. Kijana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mlidhani tunatembea uchi?” Nilicheka, lakini iliniingia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alilieleza hili mwaka 1954: watu wa makundi tofauti kukutana tu hakutoshi kuwaondolea dhana mbaya. Wakutane wakiwa sawa, wawe na kazi moja ya kushirikiana, na wakubwa wao waliunge mkono jambo hilo. Kwenu hapo penye shaka ni kwenye usawa. Kule Kanada shule hubadilishana wanafunzi kwa namna hiyo hiyo, nyumba inayotoa mtoto ndiyo inayopokea.

Baba yake naye mwambie kwamba Marekani kuna mpango uitwao American Exchange Project, unaowapeleka vijana wanaomaliza sekondari kukaa wiki moja kwenye jamii isiyofanana na yao, bila kulipa. Wala hawavuki mpaka wa nchi.

Sasa chumba. Wadogo zake wahamie sebuleni kwa siku hizo saba, watafurahi kuliko unavyodhani. Mgeni awe msichana. Shule mwambieni mapema nafasi mliyo nayo, ili familia yake nayo ijue.

Haya yako usiipeleke kwenye chumba, ipeleke kwenye maswali ambayo wazazi huona haya kuyauliza. Nani amekwenda kuiona nyumba atakayofikia binti yako, na watu wazima gani wanalala humo? Mwalimu gani atapokea simu usiku wa manane? Mtoto akitaka kuhamishwa, atahamishwa bila kwanza kuhojiwa mbele ya wenyeji wake? Shule ikibabaika kwenye hilo la mwisho, mzuie.

Akienda, jiandae kwa simu ya kilio. Wa kwangu wengi walilia usiku wa pili au wa tatu, shamrashamra za kupokewa zikishapoa. Msikilize, mwulize kama kuna aliyemkosea. Kama hakuna, usikimbilie kumfuata.

Na mapazia mapya usinunue.