Kabla hujasaini mkopo wa chuo cha ufundi Marekani, uliza jimbo linalipa nini

Juzi kijana mmoja wa kwetu, aliyehamia hapa Kent, jimboni Washington, mwaka jana, aliniletea fomu za chuo binafsi cha umeme nimsaidie kuzisoma. Mkopo ulishapitishwa, ilibaki sahihi yake tu. Nikamwambia, mdogo wangu, ziweke mezani kwanza, tunywe chai tuongee.

Mimi za kwangu nilizisaini. Nilikaa darasani miezi tisa, nikatoka na cheti na deni. Siku niliyokwenda kuomba kazi, msimamizi alikitazama cheti kidogo tu, akauliza, "Una saa ngapi?" Alikuwa anauliza saa za kazi zilizoandikishwa serikalini, na chuo kile hakikuwa kimeniandikishia hata moja. Hakuna aliyeniambia mapema, ndiyo maana ninaandika haya.

Katika jimbo hili la Washington, leseni kamili ya fundi umeme wa majengo inadai saa 8,000 za kazi. Na tangu Julai 2023, anayeanzia ufundi wake hapa lazima awe amemaliza uanagenzi uliosajiliwa, yaani kujifunza ufundi kazini chini ya programu iliyoandikishwa serikalini, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kwetu nyumbani saidia fundi anaweza kumbebea fundi wake ngazi miaka mitano kwa nauli na chai, wakikosana anaondoka mikono mitupu, hana karatasi ya kuonyesha alichojifunza. Uanagenzi uliosajiliwa ni tofauti kabisa: unaajiriwa tangu siku ya kwanza, kila saa inaandikwa, mshahara unapanda kwa ngazi kadiri saa zinavyoongezeka, darasa ni kama saa 144 kwa mwaka, na cheti cha mwisho kinatambuliwa nchi nzima. Sheria ya shirikisho inayosimamia jambo hili ni ya 1937, ingawa Wisconsin ilikuwa na sheria yake tangu 1911. Karibu nusu ya majimbo yana ofisi zao za kusajili programu. Kwingine kazi hiyo hufanywa na Wizara ya Kazi ya Marekani.

Sasa fedha. Wengi wetu hatuzioni kwa sababu hazipiti mkononi mwetu. Kwa kawaida hakuna dirisha ambapo mwanagenzi anakwenda kupewa pesa za jimbo mkononi. Nyingi zinakwenda chuoni na kwa mwajiri, wewe unaona tu kwamba ada imepungua au kwamba umeajiriwa. Hapa Washington vyuo vya umma vinaweza kumsamehe mwanagenzi aliyesajiliwa nusu ya ada. Baadaye nilipoingia uanagenzi uliosajiliwa, mimi nilisamehewa nusu hiyo, na iliyobaki ikalipwa na mfuko ambao waajiri wetu huuchangia kwa kila saa tunayofanya kazi. Chuo cha kwanza nilikuwa bado nakilipa deni wakati huo.

Msaada mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, wala hauitwi ufadhili. Jimbo likijenga jengo au barabara kwa fedha za umma, miradi mikubwa hubanwa na sharti kwamba asilimia 15 ya saa za kazi zifanywe na wanagenzi waliosajiliwa. Mkandarasi anayetaka tenda lazima awatafute. Saa zangu nyingi za mwaka wa pili nilizipata kwenye ukumbi wa michezo wa shule, nikipinda mabomba ya kupitishia waya mchana kutwa, fundi wangu akipima kila kona kwa rula na kunirudishia iliyokosewa hata kwa robo inchi. Bila sharti lile, sidhani kama mkandarasi angemchukua mtu anayeharibu mabomba huku akilipwa. California nayo ina sharti lake kwenye kazi za umma: kwa kawaida saa moja ya mwanagenzi kwa kila saa tano za fundi kamili.

Kama hukai huku, majimbo hayafanani. Texas hulipia saa za darasani kupitia shule na vyuo vya umma. South Carolina ilianza mwaka 2007 kuwapunguzia kodi waajiri, kwa kuanzia dola 1,000 kwa mwanagenzi kwa mwaka. Oregon husaidia wanagenzi wa ujenzi wa barabara kulipia malezi ya watoto na mafuta ya gari, na hilo natamani lingeigwa kila mahali, maana nimeona akina mama hodari wakiacha kazi kwa sababu tu ya nani atakaa na mtoto saa kumi na moja alfajiri.

Viatu, vifaa na usafiri vinaweza kulipiwa na fedha za shirikisho ambazo majimbo huzigawa kupitia ofisi za ajira. Hapa kwetu zinaitwa WorkSource. Omba kabla hujanunua. Ukishanunua, ni vigumu sana kurudishiwa pesa zako.

Kwa hiyo ukipewa fomu ya chuo chochote, muulize aliyekupa: programu hii imesajiliwa na nani? Saa zangu zitaandikwa wapi? Nitalipwa mshahara kuanzia lini? Akijibu kwamba kwanza ulipe ndipo mtazungumza habari za kazi, ondoka. Kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi ya uanagenzi ya jimbo lako, au kwenye tovuti yao, utafute jina la programu kwenye orodha.

Mimi na kijana wangu tumetafuta programu pamoja, tumepata mbili zinazopokea maombi. Kuna mtihani wa kusoma na wa hesabu, aljebra kwa wingi, na cheti chake cha sekondari kinatafsiriwa sasa. Jumamosi anakuja na daftari, tunaanza na hesabu za sehemu.