Kumjibu bosi OK ni dharau?

Dada uliyeuliza kama kumjibu bosi "OK" ni dharau na hilo neno limetokea wapi, hapana, sio tusi. Lilianzia Boston kule Marekani, kwenye gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839, enzi hizo wahariri walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa spelingi mbovu za makusudi, sasa "all correct" wakaigeuza "oll korrect" ndo tukapata OK. Mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren wakalidaka kwenye kampeni maana Van Buren kwao ni Kinderhook, mji mdogo jimbo la New York, na walimwita Old Kinderhook, kifupi OK, likasambaa. Ukisikia limetoka kwa Wagiriki achana nayo, mtaalamu wa lugha Mmarekani Allen Walker Read alishalichimba hilo miaka ya 1960.

Ila likikaa peke yake kwenye meseji linakauka, bosi hajui umekubali au umenuna. Andika "OK, naituma kabla ya saa tisa". Na akikuuliza ripoti ya mwenzio ikoje ukasema "it's OK", mzungu anaelewa ni ya kawaida tu, kama umeipenda kweli sema "it's very good".