Masafa yakishuka, ulizia matangi kwanza

Wewe uliyeajiriwa juzi kusoma mitetemo ya majukwaa ya mafuta baharini, kanuni unaijua: chuma kikilegea, mnara wa jukwaa hutetemeka polepole zaidi. Mawimbi na upepo vinautikisa usiku na mchana, vihisi vya sitahani vinarekodi, na masafa ya mtetemo, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yakishuka kidogo tu, akili inakimbilia ufa.

Tulia. Uzito nao huyashusha. Uzito unaotetemeka ukiongezeka kwa asilimia 2, masafa hupungua kama asilimia 1, na katika jukwaa lenye mihimili mingi, kukatika kwa mhimili mmoja huenda kusifikishe hata hapo. Jukwaa nalo halina uzito mmoja. Matangi ya dizeli na maji yanajazwa na kupungua, mabomba ya kuchimbia yanashushwa kutoka melini, kome na mwani wanazidi kuganda miguuni.

Nilipokuwa Bahari ya Kaskazini, simu ya kwanza nilikuwa nampigia msimamizi wa sitaha: "Bosi, jana mlipakia nini?" Pata daftari lake la matangi, lichore kwenye grafu moja na masafa yako. Mara nyingi kesi inaishia hapo, na wapiga mbizi, ambao gharama yao si mchezo, hawaitwi bure.

Kama haikuishia hapo, tazama mnara unavyojisokota. Mhimili wa mshazari ukikatika upande mmoja, msokoto huweza kuonyesha mabadiliko ambayo kuyumba kwa kawaida kunayaficha. Ila kihisi kimoja katikati ya sitaha hakikusaidii. Funga kwenye pembe mbili zinazokabiliana.

Na usiwaahidi wakubwa makubwa. Alexander L. Kielland, jukwaa la kuelea lililokuwa makazi ya wafanyakazi, lilipinduka upande wa Norwei wa bahari hiyo tarehe 27 Machi 1980, wakafa watu 123. Ufa ulianzia kwenye weldi ndogo ya kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti majini, na ndani ya ufa ilikutwa rangi: ulikuwepo tangu kiwandani, kabla chuma hakijapakwa. Ufa mchanga namna ile hauyagusi masafa ya jukwaa zima.

Kwa hiyo kwenye ripoti andika "hatukuona dalili ya mhimili uliokatika". Maneno "hakuna ufa" mwachie anayeshuka na taa na kipimo chake kuikagua weldi yenyewe.